Malengo 11 kwa shule ya watoto 94

Swali: Mimi ni mwalimu mkuu katika shule ndogo ya msingi. Tuna wanafunzi 94, madarasa 7 na walimu 6 pamoja nami, na mimi pia nafundisha. Mpango wetu wa kuboresha shule una malengo 11, karibu yote yameandikwa kwa asilimia. Darasa la tatu lilinipa moyo, kisha likanivunja moyo. Waliomaliza mwaka wakisoma vizuri walikuwa asilimia 50 mwaka juzi (6 kati ya 12), asilimia 71 mwaka jana (10 kati ya 14), na mwaka huu wameshuka hadi asilimia 46 (6 kati ya 13). Kamati ya shule inataka maelezo, na walimu wanahisi wanalaumiwa. Mpango wenyewe tunaufungua mara mbili kwa mwaka, wakati wa kuandika ripoti. Niweke malengo gani, na niyafuatilieje bila kuwachosha watu?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nianze na darasa la tatu, maana ndilo linalowakosesha walimu wako raha, na kwa jinsi ulivyoandika naona hata wewe umeshaanza kuamini kwamba mwaka huu kuna kitu kimeharibika. Huenda kipo. Ila hizo asilimia tatu haziwezi kukuambia kama kipo au hakipo.

Jioni ukipata nafasi, tafuta sarafu 13. Zitikise viganjani, zimwage mezani, hesabu ngapi zimelala kichwa juu, andika. Rudia mara 20. Mara nyingi utapata 5, 6, 7 au 8. Lakini karibu mara moja katika kila mara nne utapata 4 kushuka chini, au 9 kwenda juu. Nne kati ya 13 ni asilimia 31. Tisa ni asilimia 69. Pengo lote hilo, na sarafu ni zilezile, mkono ni uleule.

Watoto si sarafu, na kusoma kwao kunatokana na kazi ya watu. Lakini darasa la watoto 13 limebeba bahati nyingi: nani alihamia na nani alihama, nani aliamka na homa siku ya upimaji, kifungu kilichochaguliwa kilihusu jambo wanalolijua au la. Jumlisha miaka yako mitatu uone: 22 kati ya 39, yaani asilimia 56. Ikiwa hicho ndicho kiwango halisi cha shule yako, darasa la watoto 13 kwa kawaida litakuwa juu au chini ya hapo kwa pointi 14 hivi, hata kama walimu wamefundisha vilevile. Mwaka wako wa 71 uko pointi 15 juu. Huu wa 46 uko pointi 10 chini. Darasa la watoto 130 lingeyumba kwa pointi 4 tu, na ndiyo maana mkuu wa shule kubwa anaweza kuisoma asilimia yake na kupata maana, na wewe ukisoma ya kwako unapata kelele za bahati tu. Kwako mtoto mmoja peke yake ni karibu pointi 8.

Jambo hili limeshachunguzwa kwa kina. Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, walipitia matokeo ya shule za jimbo la North Carolina, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa shule mwaka hadi mwaka ni ya bahati, na kwamba shule ndogo ndizo zinazoyumba zaidi. Ndizo zinazozawadiwa mwaka huu na kukemewa mwaka ujao. Usikubali walimu wako waingizwe kwenye mzunguko huo. Mwaka jana, wakati wa 71, pengine mlipongezana. Pongezi zile zilikuwa na msingi mdogo sawa na lawama za sasa.

Na kuna jambo la pili ambalo ni rahisi kulisahau: watoto wa darasa la tatu la mwaka jana si hawa wa mwaka huu. Umelinganisha makundi matatu tofauti ya watoto ukayaita maendeleo ya shule.

Sasa, nakuomba usiichukue hoja hii ukajificha nyuma yake mbele ya kamati. Nimeona wakuu wa shule wakifanya hivyo: wanajifunza kwamba namba ndogo zinayumba, basi wanaacha kuzitazama kabisa. Asilimia 56 ya miaka mitatu ina upande wa pili. Watoto 17 kati ya 39 wamemaliza darasa la tatu bila kusoma vizuri. Sita mwaka juzi, wanne mwaka jana, saba mwaka huu. Hao 17 si bahati. Kama hawakuhama, wote bado wako kwenye shule yako, wanakaa kwenye madawati ya madarasa ya mbele yao, wanapewa vitabu wasivyoweza kuvisoma, na walimu wako wanawajua kwa majina, kwa sauti na kwa mwandiko.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie. Shule kubwa inatumia asilimia kwa sababu haina njia nyingine ya kuwaona watoto wake wote. Wewe unayo. Watoto 94 wanaenea kwenye karatasi tatu. Lengo la shule ndogo liandikwe kwa idadi ya watoto, na nyuma ya idadi hiyo yawepo majina.

Kabla ya kuandika hata lengo moja jipya, yachukue yale 11 uyatenganishe. Sijayaona, lakini nimepitia mipango mingi ya shule na naweza kukisia yaliyomo: kukarabati vyoo, kununua vitabu vya ziada, kufanya mikutano mitatu ya wazazi, kuinua ufaulu wa hisabati, kupunguza utoro, kuimarisha nidhamu, na kadhalika. Zaidi ya nusu ya hayo ni kazi. Kazi inafanyika au haifanyiki. Inahitaji mtu, tarehe na alama ya tiki. Choo kikikarabatiwa, kimekarabatiwa, huna haja ya kukifuatilia kila wiki. Lengo ni kitu ambacho hujui bado utakifikiaje, kinachohitaji kujaribu, kutazama na kurekebisha. Kazi zote zipeleke kwenye orodha yake, uibandike ukutani ofisini. Yatakayobaki kama malengo yatakuwa manne au matano. Kati ya hayo chagua mawili. Walimu sita wanaofundisha madarasa saba hawana uwezo wa kujifunza mambo matano mapya kwa wakati mmoja, na mkuu wa shule anayefundisha hana saa za kuyasimamia.

Mawili yapi? Kwa haya uliyonieleza, kusoma ni la kwanza bila mjadala; asiyesoma hafundishiki somo lolote lingine. La pili mimi ningeweka mahudhurio, nitaeleza sababu baadaye. Lakini kama walimu wako wakikaa pamoja wakaona la pili ni kuhesabu, wafuate. Lengo walilolichagua wenyewe watalilinda hata siku usiyokuwepo.

Pengine umefundishwa kuandika malengo kwa zile herufi tano za SMART, kifupi cha Kiingereza cha sifa tano za lengo zuri. Zilitokana na makala fupi ya George Doran ya mwaka 1981, iliyoandikwa kwa ajili ya mameneja wa kampuni. Siku hizi herufi ya A hufundishwa kwa maana ya lengo linalofikika. Kwa Doran ilikuwa na maana nyingine: lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa. Naipenda zaidi maana ile ya mwanzo, kwa sababu ndiyo inayokosekana kwenye mipango mingi. “Ufaulu utaongezeka kwa asilimia 10” ni sentensi isiyo na mwenyewe. Ataongeza nani? Siku gani? Kwa kufanya nini ambacho hakikufanyika mwaka jana?

Tuchukue watoto wako 7 wa mwaka huu ambao wataingia darasa la nne bila kusoma vizuri. Jambo la kwanza ni kujua kila mmoja amekwama wapi. “Hasomi vizuri” haimsaidii mwalimu. Kipimo ninachokipendekeza ni ile ngazi rahisi ya herufi, silabi, maneno, aya na hadithi. Aina hii ya kipimo ilipata umaarufu kupitia Pratham, shirika la elimu la India, lililoanza kuitumia mwaka 2005 kupima watoto majumbani mwao vijijini nchi nzima, na baadaye watu wa mradi wa Uwezo wakaichukua kwa Kenya, Tanzania na Uganda. Haihitaji mashine wala mtaalamu. Mtoto anakaa mbele yako, unampa karatasi, anasoma, unaandika ngazi ya juu kabisa aliyoiweza. Dakika tano zinatosha. Kwa aya na hadithi ongeza maswali mawili matatu ya kuelewa, kwa sababu wapo watoto wanaotamka kila neno vizuri na hawana habari wamesoma nini.

Kifungu kiwe kipya. Hili nililijifunza kwa mtoto mmoja wa darasa la tatu, miaka nilipokuwa mkuu wa shule isiyozidi watoto 110. Mwalimu wake aliniambia ameshavuka, anasoma aya bila shida. Nikamwita, nikamfungulia kitabu cha darasa. Alisoma ukurasa mzima kwa sauti safi, hadi nikataka kumpigia makofi. Kisha nikaona kitu: alipofika katikati, macho yake hayakuwa kwenye ukurasa. Yalikuwa kwangu. Mdomo uliendelea, sentensi zikatoka moja baada ya nyingine, hakukosea hata neno. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika sentensi fupi tatu kwa maneno yaleyale ya ukurasa ule, nimeyapanga upya tu. Akazitazama muda mrefu. Akaanza na herufi ya kwanza, akainong’ona, akanyamaza. Alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzake. Kwa miaka miwili mtoto yule alifanya kazi ngumu kuliko kusoma kwenyewe, na sisi tulimwandika kama msomaji.

Kwa hiyo andaa vifungu vitatu au vinne vyenye ugumu unaolingana, vifungiwe ofisini, kila upimaji kimoja. Na mpimaji asiwe mwalimu wa darasa hilo. Badilishaneni: wa darasa la tano apime la nne, wa la pili apime la tatu. Sisemi walimu hawaaminiki. Mwalimu anayempenda mtoto humsaidia bila kujijua, kwa kichwa, kwa nyusi, kwa kumtamkia mwanzo wa neno. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara nyingi.

Tuseme mmewapima hao 7 mkakuta wanne wako ngazi ya maneno, wawili silabi, mmoja bado yuko kwenye herufi. Sasa keti na mwalimu wao mtoto kwa mtoto, mkiuliza: huyu, baada ya wiki 12, akisaidiwa kweli, atafika wapi? Wanne wa maneno wanaweza kufika aya. Mmoja wa silabi naye anaweza, kwa sababu mwalimu anamfahamu, ni mwepesi ila alikosa sana shule. Wa pili atafika maneno. Yule wa herufi akifika silabi na kuzishika vizuri, itakuwa hatua kubwa. Jumlisha, na lengo limejiandika:

*Ifikapo wiki ya 12, watoto 5 kati ya 7 wawe wanasoma aya mpya na kujibu maswali 2 kati ya 3 yanayoihusu, na wote 7 wawe wamepanda angalau ngazi moja. Msimamizi: mwalimu wa darasa la nne. Njia: kila mmoja wa hao 7 asome kwa sauti mbele ya mtu mzima kwa dakika 5, mara 4 kwa wiki, kutoka kwenye maandishi ya ngazi yake.*

Tazama kwamba namba 5 haikutoka ofisi ya juu wala kwenye mpango wa mwaka jana. Imetoka kwa watoto wenyewe. Marekani walijaribu njia nyingine: sheria ya elimu iliyosainiwa mwaka 2002 iliagiza wanafunzi wote wafikie kiwango kinachotakiwa ifikapo 2014. Nia ilikuwa njema, kwamba asiachwe mtoto hata mmoja. Lakini namba ilitangulia kabla ya yeyote kueleza itafikiwaje, na mwaka 2014 ulipofika majimbo mengi yalikuwa yameshaomba na kupewa msamaha wa sharti hilo. Mwaka 2015 sheria ikabadilishwa.

Hicho kipande cha “wote 7 wapande angalau ngazi moja” nakuomba usikifute hata ukibanwa nafasi. Lengo linalohesabu waliovuka mstari tu humsukuma mwalimu kwa wale walio karibu na mstari. Si ubaya wake. Ndivyo lengo lilivyomwelekeza. Yule wa herufi atapanda hadi silabi, kazi kubwa kuliko ya wenzake wote, na kwenye ripoti atahesabiwa sifuri. Muhula unaofuata hakuna atakayeketi naye.

Sasa hesabu ya muda, ambayo mipango mingi huikwepa. Watoto 7, dakika 5, mara 4: dakika 140 kwa wiki. Ukigawa kwa watu wazima wanne, kila mmoja ana dakika 35 kwa wiki. Je, zipo? Kama zipo, ziandikwe kwenye ratiba, siku na saa, na jina la mtu. Kama hazipo, lengo hilo ni la uongo tangu siku ya kwanza. Punguza liwe mara 3 kwa wiki, au ondoa kitu kingine. Nimekutana na mipango mizuri mno iliyokufa kwa sababu hakuna aliyekaa na kalamu akazidisha namba mbili.

Kuhusu kufuatilia, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo shule nyingi zinapopotelea.

Una vitu viwili vya kuhesabu, na ni lazima uvihesabu vyote viwili. Kimoja ni kazi ya watu wazima: watoto 7 mara 4 ni visomo 28 kwa wiki, wiki hii vimefanyika vingapi? Kingine ni watoto: nani amepanda ngazi? Cha kwanza kihesabu kila wiki. Cha pili kila baada ya wiki sita. Usiwapime watoto kila wiki; ngazi haibadiliki kwa siku tano, na utawafundisha kuichukia karatasi yako.

Karatasi ni moja. Majina 7 upande wa kushoto, wiki 12 juu. Kila kisomo kinapofanyika, aliyesikiliza anachora kijistari kimoja kwenye kisanduku cha mtoto huyo. Wiki ya 0, ya 6 na ya 12 kuna safu pana zaidi ya kuandika ngazi. Ibaki kwenye ubao wa chumba cha walimu, kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Nimejaribu majedwali ya kompyuta na programu za simu. Kwa shule ya ukubwa wako hakuna iliyoishinda karatasi ambayo mwalimu anaipita akielekea darasani.

Kila wiki mkae dakika 20, siku ileile, saa ileile. Maswali ni matatu: Tulichosema tutafanya kimefanyika? Kuna mtoto ambaye kitu fulani kimeonekana kwake? Wiki ijayo tunabadilisha nini? Badilisheni kitu kimoja tu, la sivyo hamtajua kipi kilisaidia. Hakuna hotuba, hakuna taarifa nyingine.

Faida ya hesabu mbili utaiona wiki ya sita. Tuseme watoto hawajasogea. Ukitazama visanduku ukakuta visomo vilikuwa 28, 26, 27, 28, basi kazi ilifanyika na njia haijafaa. Badilisheni njia, labda maandishi ni magumu mno, labda mtoto anasomewa badala ya kusoma. Lakini ukikuta 28, 19, 11, 6, njia yenu haijajaribiwa. Haina kosa, na hampaswi kuitupa. Tatizo ni ratiba. Bila visanduku, shule yenye hesabu ya kwanza na yenye hesabu ya pili zingekaa kikaoni na kusema neno lilelile, “mpango wa kusoma haukufanya kazi,” na zote mbili zingeandika mpango mpya. Mwaka baada ya mwaka shule zinatupa njia nzuri ambazo hazijawahi kutumika hata kwa wiki nne mfululizo. Jambo hili linaniuma kuliko yote katika kazi hii.

W. Edwards Deming, Mmarekani aliyefundisha viwanda vya Japani namna ya kuboresha kazi kuanzia mwaka 1950, alikuwa na mzunguko wake wa hatua nne: panga, fanya, jifunze, chukua hatua. Wengi waliutamka kwa kuweka “kagua” mahali pa “jifunze”, naye akasisitiza kwamba ni kujifunza. Katika kikao chako cha dakika 20 tofauti hiyo utaisikia kwa masikio. Ukiuliza “kwa nini visomo ni 11 tu?” kwa sauti ya ukaguzi, wiki ijayo visanduku vitajaa na visomo havitakuwepo. Ukiuliza “nini kilizuia?” utaambiwa kwamba saa iliyopangwa inagongana na zamu ya mapumziko, na hilo mnaweza kulitatua palepale.

Uwezekano wa visanduku vya kughushi usiuchukulie kama jambo la mbali. Donald Campbell, mwanasaikolojia, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotumika zaidi kutoa maamuzi, ndivyo kinavyozidi kuvutwa na kupindwa. Mwaka 2011 uchunguzi wa serikali ya jimbo la Georgia ulikuta udanganyifu wa mitihani katika shule 44 za Atlanta, ukawataja walimu na wakuu wa shule 178. Wengi wao hawakuingia ualimu ili wafute majibu ya watoto na kuandika mengine. Waliwekewa namba, wakawekewa vitisho, wakaachwa. Kwa hiyo karatasi yako ya kufuatilia isitumike kamwe kumpima mwalimu kazini. Waambie hivyo waziwazi siku ya kwanza, halafu ulitimize.

Mahudhurio. Nimeyapendekeza kwa sababu watoto waliokwama kwenye silabi mara nyingi ni walewale wanaokosa shule, na kwa sababu daftari lipo tayari, halihitaji upimaji mpya. Ila wastani wa darasa unaficha. Chukua darasa la watoto 13 kwa muhula wa siku 60. Wawili wamekosa siku 20 kila mmoja, wengine 11 wamekosa siku 2 kila mmoja. Jumla ni siku 62 kati ya 780, na ripoti yako itasema mahudhurio ni asilimia 92. Kila atakayeisoma ataridhika, na watoto wawili wamekosa theluthi ya muhula. Acha wastani. Hesabu watoto waliokosa siku 1 au zaidi katika kila 10, yaani 6 au zaidi katika 60. Kipimo hicho cha asilimia 10 kinatumika sehemu nyingi. Kisha uliza kwa kila jina: sababu ni nini? Ugonjwa, umbali, kulea wadogo zake, kuogopa mtu fulani shuleni. Kila moja ina dawa yake, na barua ya onyo si dawa ya hata moja. Usisubiri mwisho wa muhula. Mtoto akikosa siku 2 ndani ya wiki mbili za kwanza, mtu apige simu au aende kwao, kwa upole, kuuliza kulikoni.

Watoto watahama na wengine watahamia. Familia moja ikiondoka na watoto watatu, namba zako zote zinabadilika. Usifute jina; chora mstari, andika tarehe. Anayehamia mpime wiki ya kwanza, mpe mstari wake, na matokeo yake yaripotiwe kando na ya walioanza wiki ya 0.

Neno moja kuhusu siri. Katika shule yenye watoto 94, ukisema mbele ya wazazi “watoto wawili wa darasa la nne bado wako kwenye herufi,” hujataja jina, na kila mtu ameshajua. Watoto wenyewe watajua kabla ya jua kuzama. Karatasi yenye majina isitoke chumba cha walimu, na chumba hicho kama wanafunzi huingia, iwe ndani ya mlango wa kabati. Mzazi aonyeshwe mstari wa mwanawe tu. Kwa kamati peleka jumla za madarasa kadhaa pamoja.

Ofisi ikidai asilimia, wape, lakini daima ukiitanguliza na idadi: “6 kati ya 13, asilimia 46, kwa miaka mitatu 22 kati ya 39, asilimia 56.” Mbele ya kamati ongeza yale ambayo asilimia haisemi: kwamba watoto 17 wanajulikana, kwamba 7 kati yao wanaanza kusikilizwa mara 4 kwa wiki kuanzia tarehe fulani, kwamba baada ya wiki 6 utarudi na namba mbili, ya visomo na ya ngazi. Wajumbe wengi wanapouliza “kwa nini mmeshuka?” wanachotaka kujua ni kama kuna mtu ameshika usukani. Na wale 10 wa miaka iliyopita usiwaache; wapimwe nao, wale watakaokutwa bado chini ya aya waingie kwenye kundi la pili muhula unaofuata, wakati hili la kwanza limeshawafundisha namna ya kuifanya kazi yenyewe.

Usiandike mpango mpya wiki hii. Wasikilize kwanza hao 7 wakisoma, mmoja mmoja, mlango umefungwa, bila haraka. Ukimaliza niandikie kila mmoja yuko ngazi gani, na yupi kati yao alikushangaza.